Jinsi Filamu Zilivyoisha kwa Mzee Wense

Mzee Wenseslaus hapendi filamu ambayo watu wake hawali. Hilo ndilo la kwanza analoliangalia. Mtu anaruka kutoka ghorofa moja hadi nyingine, anapigana na kundi zima, anaendesha gari kinyumenyume kwenye daraja linalobomoka, na tangu filamu ianze hajatia kitu mdomoni.

"Huyu nguvu anazitoa wapi?" huuliza. "Mimi nikikata majani ya ng'ombe bila chai, naona giza."

Ni jirani yangu hapa Uru. Kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, na changu vinatenganishwa na mstari wa mimea ya masale tu, kwa hiyo maoni yake nayajua yote, hata yale ambayo sikuomba. Kuhusu filamu za anga za juu, shida yake ni usafi. Chombo ni kikubwa kama kanisa, kinasafiri miaka na miaka, watu wamevaa nguo nyeupe, na hakuna hata mmoja aliyeshika ufagio. Nani anafagia? Kuhusu watu wanaoanguka kutoka juu na kuinuka wakikung'uta vumbi, anasema yeye aliteleza kwenye mfereji mwezi wa kumi na mbili akachechemea mpaka Pasaka. Na jengo linapolipuka huku shujaa akiondoka bila kugeuka, Mzee Wense hucheka mpaka anakohoa. "Jikoni likianguka sufuria tu mtu anageuka, itakuwa jengo?"

Mashine zenye akili zinazotaka kuitawala dunia hazimtishi. "Zije Uru wakati wa masika," anasema. "Ile barabara ya kushuka mtoni itazimaliza kabla hatujaamka."

Lakini asikudanganye mtu kwamba anazidharau. Anazipenda kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anampenda hata adui, hasa yule anayemkamata shujaa, akamfunga kamba, halafu badala ya kummaliza anaanza kumweleza mipango yake yote tangu mwanzo. "Kama mkutano wa chama cha ushirika," anasema. "Ajenda ya kwanza mpaka ya mwisho, na wakati huo kahawa inaibiwa nyuma."

Mke wake alifariki, watoto wake wako Dar na Arusha, na yeye amebaki na migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja mwekundu ambaye hamruhusu mtu mwingine amkamue. Kila Jumanne hupeleka ndizi soko la Pasua, kule mjini. Akishamaliza kuuza, huingia kwenye banda la video lililo karibu na soko, wanapoonyesha filamu mpya zilizotiwa sauti ya Kiswahili na yule jamaa anayeongea kwa niaba ya watu wote, wanaume, wanawake na mashine. Jioni hurudi na pikapu ya Godwin, kijana anayeleta majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Mzee Wense hukaa juu ya mzigo wa majani, kofia mkononi, mpaka nyumbani. Anamkamua ng'ombe wake, ananawa, anabadilisha shati, anakuja kwa Mektrida.

Mektrida, ambaye tunamwita Mama Sirili, ana kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, chini ya njia ya kanisani. Ana mabenchi, ana runinga kubwa aliyonunuliwa na mwanawe, na Jumapili mchana huonyesha filamu zinazoletwa kwenye flashi na Jovin, fundi simu wetu. Lakini Jumanne jioni runinga ilikuwa inazimwa. Jumanne ilikuwa ya Mzee Wense.

Alisimulia amesimama, kata ya mbege mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ndio uliokuwa bunduki, usukani, mlango wa chombo cha angani. Aliweza kulia kama tairi na kukohoa kama injini inayokataa kuwaka. Mama Sirili aliacha kuchuja pombe akasimama na kichujio kinadondosha. Mimi nilikaa pembeni yake kila mara. Ukikaa karibu na Mzee Wense hakuna anayekuuliza kitu, na mahali hapo palinifaa sana.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, alikuja na filamu ambayo alisema haijawahi kutokea.

"Mashine zimeshuka kutoka mbinguni," alianza. "Hazitaki dhahabu. Hazitaki watu. Zinataka maji."

Watu wakatulia. Ukisema maji hapa Uru, kila mtu anasikiliza.

Zilikuwa ndefu kuliko mnara wa kanisa, alisema, na miguu mitatu mitatu. Zilikunywa mito, zikanywa maziwa, jeshi likapiga mizinga na mizinga ikarudi. Palikuwa na dereva mmoja wa lori, zamani askari, aliyemficha mama yake mzazi ndani ya handaki. Mama mgonjwa, ana kiu. Dereva akaapa kwamba atarudi. Hapo Mzee Wense aliinamisha kichwa kidogo, akanywa, akafuta masharubu.

"Sasa yule dereva akafikiri. Mashine zinakunywa wapi? Bondeni. Na maji yanatoka wapi?"

"Juu!" watu wakajibu.

"Juu. Basi akapanda, akapanda, amejeruhiwa bega, mpaka kwenye banio, pale maji yanapoingilia mferejini. Akafunga mdomo wa mfereji kwa mawe na matope. Huku chini mashine zinavuta, hakuna kitu. Zinavuta, upepo. Magoti yakalegea. Ya kwanza ikaanguka, puu! Ya pili, puu! Asubuhi bonde lote limejaa vyuma. Akateremka, akafungua handaki, akamkumbatia mama yake. Akala."

"Alikula nini?" aliuliza Mama Sirili.

"Viazi na nyama. Kule hawana ndizi."

"Na mfereji aliufungua tena?" aliuliza Jovin.

"Aliufungua kwanza ndipo akala."

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyejiuliza mfereji umefikaje kwenye nchi ya maghorofa. Kwetu maji huja kwa mfereji. Yangekujaje vinginevyo?

Jumamosi iliyofuata Jovin na mke wake walikwenda Sanya Juu, kwa wakwe zake, kwenye sherehe ya kipaimara. Jovin ni mjanja akiwa na bisibisi mkononi, lakini kwa wakwe huwa anakaa kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Baada ya chakula wazee wakamwambia, mkwe, tuchangamshe. Akaona bahati imemwangukia. Akasimama, akaisimulia ile filamu, na akaisimulia vizuri, kwa maana mkono wa Mzee Wense alikuwa ameuangalia miaka mingi. Alipofika kwenye banio, shemeji yake Pamela, mdogo wa mwisho wa mke wake, akainua kichwa kutoka kwenye simu.

"Shemeji, mfereji upi?"

"Mfereji wa maji."

"Ile vita ya mwisho iko katikati ya bahari, shemeji. Nimeiangalia jana. Ninayo hapa."

Akaionyesha. Wageni wote wakainamia simu ya Pamela. Jovin alituambia kwamba baba mkwe alicheka mpaka akavua miwani, na tangu saa ile mpaka wanaondoka, kila aliyempita alimuuliza kama Uru mifereji yao inafika baharini.

Alirudi Jumapili asubuhi na kunikuta kwa Mama Sirili nikipanga mabenchi pamoja na Mzee Wense. Hata salamu hakutoa.

"Meku," alimwambia Mzee Wense, kama tunavyowaita wazee kwetu, "umeniua."

"Marahaba," alisema Mzee Wense.

"Sijakuamkia! Umeniua kwa wakwe zangu. Hakuna mfereji. Hakuna banio. Hakuna viazi!"

"Nani kasema?"

"Filamu yenyewe imesema." Jovin akatoa flashi mfukoni, akaishika juu kama padri anavyoshika hostia. "Mama Sirili, leo mchana tunaonyesha hii. Mpaka mwisho. Mzee akae mbele."

"Mbona una hasira, baba?" Mama Sirili alimuuliza. "Labda ni filamu mbili tofauti."

"Ni moja. Dereva ni yule yule, mama ni yule yule, handaki ni lile lile. Leo tutajua kama huyu mzee ana neno la kweli au anatufanya watoto."

Mzee Wense aliendelea kuliweka benchi sawa, ingawa lilikuwa sawa.

Mchana baada ya misa ya pili kilabu kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya madebe. Habari ilikuwa imetembea. Filamu ikaenda, na ilikuwa kama alivyoisimulia, mashine kwa mashine, mzinga kwa mzinga, hata yule dereva alivyomfunika mama yake blanketi. Watu walianza kumtazama Jovin kwa jicho la pembeni. Kisha dereva akaapa kwamba atarudi, na baada ya pale kila kitu kikawa kigeni. Bahari ikafunguka. Akatokea mwanamke mtaalamu ambaye Mzee Wense hakuwahi kumtaja. Wakapigana ndani ya maji, mwanga wa buluu, huwezi kujua nani anampiga nani. Mwishoni dereva na yule mwanamke wakaingia ndani ya chombo, mlango ukafungwa, wakapaa kwenda kuzifuata mashine zilikotoka. Kukawa giza. Majina yakaanza kupanda.

Mama Sirili akasema, "Na mama yake?"

Akatugeukia.

"Mama yake si yuko handakini? Ana kiu! Hata kuaga?"

"Labda kuna sehemu ya pili," mtu alisema nyuma.

"Sehemu ya pili mama atakuwa mifupa!"

Watu wakaanza kuitukana ile filamu. Lakini Jovin alisimama mbele ya runinga, mikono kiunoni.

"Mimi sijauliza kama ni nzuri. Nauliza mfereji uko wapi, meku?"

Mzee Wense aliinuka polepole. Nilimwona akikunja kofia yake mkononi.

"Mfereji ni wangu," alisema. "Ng'ombe wangu jioni anataka kukamuliwa, na Godwin hangoji mtu. Akishapakia majani anakuja pale banda la Pasua anapiga honi mara mbili. Nikisikia honi natoka. Siku ile honi ilipigwa dereva anaapa."

"Kwa hiyo mwisho hukuuona."

"Sikuuona."

"Na nyingine?" Mama Sirili alisogea karibu. "Mzee Wense, na nyingine je?"

"Sijawahi kuona mwisho wa filamu, Mama Sirili. Hata moja. Kutoka Pasua mpaka hapa ni mwendo, nakaa juu ya majani nafikiri. Nikifika nyumbani imeshaisha."

Mama Sirili akashika mdomo. "Hata ile ya askari na daraja? Mimi nililia!"

"Ile nayo."

"Na ile ya mapacha wa sayari nyekundu?"

"Ile nilitoka mapema zaidi. Godwin alikuwa na harusi."

Wengine wakaangua kicheko, lakini Jovin hakucheka, na waliokaa karibu naye wakanyamaza pia. Nikakumbuka jambo ambalo nadhani wote tulilikumbuka saa ile ile. Filamu zote za Mzee Wense ziliisha mtu amerudi nyumbani, amesalimia wazee, amekula.

"Basi sikilizeni," alisema Jovin. "Nimechekwa na baba mkwe wangu mbele ya mchungaji wao. Huyu mzee akisimulia tena hapa, flashi zangu hazikanyagi tena. Mama Sirili achague."

Mzee Wense hakungoja achague. Alivaa kofia, akashukuru, "Aika, Mama Sirili," akatoka.

Jumanne iliyofuata alikuja, akanywa kata moja amekaa, akaulizia afya za watu, akaondoka. Na iliyofuata vivyo hivyo. Mama Sirili aliwasha runinga ili kilabu kisipooze, tukatazama taarifa ya habari. Watu waliwahi kurudi nyumbani. Mtu anaweza kusema ni mchezo tu, lakini mimi nilikuwa namwona upande wa pili wa masale. Mzee aliyekuwa anaamka anaimba sasa alikuwa anafungua mlango na kusimama tu. Jioni moja nikiwa nakata majani ya migomba nilisikia sauti yake bandani. Alikuwa anamsimulia ng'ombe. Kulikuwa na risasi, kulikuwa na helikopta, nilisikia hata tairi. Alipofika mahali fulani akanyamaza, nikasikia maziwa tu yakigonga ndoo.

Kesho yake asubuhi aliniita kwenye mpaka. Alikuwa amekata jani la isale, amelifunga fundo.

"Baba Hilda, nipelekee hili kwa Jovin."

Kwetu jani la isale likiletwa, ugomvi hauwezi kuendelea. Anayelikataa huogopwa kuliko aliyekosa. Lakini anayelibeba inabidi aseme maneno, na mimi kusema mbele ya mtu huwa najisikia kama napanda mlima na mzigo.

"Kwa nini mimi, mzee? Kuna katekista."

"Katekista anaongea kila siku. Wewe ukifungua mdomo watu watashtuka, watasikiliza."

Nikaenda. Jovin alikuwa kwenye kibanda chake, simu ya mtu imefunguliwa tumbo mezani. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, lakini yaliishia kwenye daraja la mfereji. Nilimwonyesha jani tu.

Akaliangalia. Akaniangalia mimi. "Baba Hilda, umelibeba au limekubeba?"

"Nimelibeba."

"La nani?"

"La Mzee Wense. Anasema..." Nikatafuta alichosema. Hakuwa amesema kitu. "Anamsimulia ng'ombe," nikasema.

Jovin akaweka bisibisi chini. "Anamsimulia nini?"

"Filamu. Na yenyewe haimalizi."

Jovin alinawa mikono kwenye ndoo, akalipokea lile jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akalichomeka ukutani juu ya chaja.

"Nimepokea," alisema. "Siwezi kukataa, na sitaki kukataa. Lakini mimi sikuchekwa Uru. Nimechekwa Sanya Juu. Mzee aje na mimi kule akaseme kwa mdomo wake kwamba uongo haukuwa wangu. Akifanya hivyo, asimulie mpaka achoke."

Nilipompelekea jibu, nilidhani atakataa. Mzee wa umri wake kwenda kujieleza kwa wakwe wa kijana si jambo dogo. Alifikiri kidogo tu. "Nani atamkamua ng'ombe?" aliuliza.

Tulikwenda asubuhi ili turudi kabla ya kukamua, sisi watatu, na Mzee Wense alibeba mkungu wa ndizi, kwa sababu huendi kwa wakwe wa mtu mikono mitupu. Baba mkwe hakuwapo, alikuwa ameenda mnadani. Alitupokea mama mkwe, Bibi Yuditha, mama mnene mwenye sauti ndogo, akatupatia bakuli za mtori wa ndizi na nyama. Pamela alikuja kutuamkia, simu mkononi.

"Shikamoo babu. Shemeji, umeleta maji?"

Jovin akatazama dirishani. Mzee Wense aliweka bakuli chini.

"Mama," alimwambia Bibi Yuditha, "mkwe wako hakusema uongo. Alisema alichosikia kwangu. Mfereji niliuweka mimi. Nimekuja kusema hivyo, na umwambie mzee akirudi. Wa kuchekwa ni mimi."

Bibi Yuditha alimwangalia. "Ndiyo wewe uliyemrudisha yule kijana kwa mama yake?"

"Ndiyo mimi."

"Pamela alinionyesha ile ya kwenye simu," alisema. "Nililala vibaya. Mtoto anapanda juu huko na mwanamke asiyemjua hata ukoo, mama yuko shimoni. Jovin aliposimulia nilikuwa jikoni, sikusikia vizuri. Alimkuta mzima?"

"Alimkuta mzima."

"Alimpa maji?"

"Alikuja na kibuyu kutoka kwenye banio."

Kibuyu hicho hatukuwa tumekisikia Uru. Nilimwona Jovin akigeuka kutoka dirishani.

"Lakini babu," Pamela alisema, "haipo! Mtu akisikia kwako atajua ndiyo filamu. Halafu anaumbuka kama shemeji."

"Ni kweli, mwanangu."

"Basi ukifika pale honi inapopigwa, sema tu. Sema, kuanzia hapa ni mimi. Mbona rahisi? Mtu asiyetaka ataondoka akatafute ya kwake kwenye simu."

Mzee Wense alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye nyumba aliyoishi miaka yote. "Na wataendelea kusikiliza?"

"Mimi ningesikiliza," alisema Bibi Yuditha. Akageuka kwa Jovin. "Mkwe, sasa umeridhika?"

"Nimeridhika, mama. Lakini baba mkwe je?"

"Huyo niachie. Ataacha kucheka mimi nikianza."

Habari ilifika Uru kabla yetu. Jumanne Mama Sirili alizima runinga mapema na akafuta mabenchi ambayo huwa hafuti. Mzee Wense aliingia na shati safi, akasalimia, akapewa kata yake, akasimama.

Ilikuwa filamu ya mji uliojengwa chini ya barafu, na mwanamke rubani aliyepotea huko na mbwa wake, na majambazi wanaotafuta jiwe linaloendesha vyombo vya angani. Alianza kwa sauti ya chini. Kisha helikopta ikaingia, na sauti yake ikarudi mahali pake. Rubani alikuwa amening'inia kwenye kamba, barafu inapasuka, jambazi mkuu yuko juu na kisu, anamhutubia, wakati Mzee Wense aliposhusha mkono.

"Kuanzia hapa ni mimi," alisema.

Alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alitegemea watu watasimama. Benchi la nyuma lilikwaruza sakafu, akalitupia jicho, lakini walikuwa wanalisogeza mbele.

"Usimuue yule mwanamke," alisema Mama Sirili. "Nimeshampenda."

"Simuui."

"Na huyo wa kisu aache hotuba, baridi itamgandisha mdomo," mwingine akasema.

"Ndilo linalokuja!" alisema Mzee Wense, na macho yakawaka. "Mdomo umeganda. Kisu kimeganda mkononi. Rubani anaona mkono hausogei, anavuta kamba, anapanda. Anamfungia jambazi ndani ya sanduku la mizigo, anawasha helikopta. Inakohoa. Inakohoa tena. Inawaka. Anapaa, anavuka barafu, anavuka bahari, anafika kwao jioni, wazee wametoka nje wanamwangalia anashuka..."

"Meku," Jovin alisema.

"Nini tena?"

Jovin alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake, kata yake ameisahau mkononi. "Na mbwa je?"

Mzee Wense aliangalia juu kwenye paa, akaangalia chini. Ni wazi alikuwa amemsahau mbwa kule kwenye barafu, tangu juu ya majani ya Godwin mpaka hapa.

"Mama Sirili," alisema, "niongezee kidogo."

Akaongezewa. Akanywa taratibu, akifikiri, na kilabu kizima kikakaa kumsubiri.